Visawe vya Kiingereza: Mwongozo wa Kuchagua Neno Linalofaa

Kila muhula maswali huja yaleyale. "Say" na "tell" vina tofauti gani? Kwa nini "big brother" inakubalika lakini "large brother" inakataliwa? Nikitaka kuandika kwamba nilisimamia duka, niweke "supervise" au "manage"? Anayeuliza huwa ameshafungua kamusi, amekuta maneno manne au matano yamepangwa mstari mmoja yakitenganishwa kwa mkato, akachukua lile lililoonekana zito zaidi. Hapo ndipo kosa linapoingia.

Mwongozo huu ni wako wewe unayejifunza Kiingereza huku ukifikiri kwa Kiswahili: mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa anajibu mtihani wa historia kwa Kiingereza, mwombaji kazi anayeandika barua, mfasiri anayeanza. Nitakuonyesha namna ya kulipima neno lolote utakalokutana nalo, hata ambalo halimo humu.

Jambo moja lishike tangu mwanzo. Kiingereza kina visawe vingi, lakini vinavyoweza kubadilishana nafasi kila mahali ni vichache mno. Kwa Kiswahili unalijua hili tayari. Mzee wa mtaa amefariki, ameaga dunia, ametutoka. Mbuzi wake amekufa. Ukisema mbuzi amefariki, watu watacheka, na hakuna aliyekufundisha hilo darasani. Sikio lako limelizoea. Kwa Kiingereza sikio hilo bado hujalipata, kwa hiyo lisaidie kwa hatua.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Sentensi yako mwenyewe, iliyoandikwa. Bila sentensi, swali la "neno lipi ni sahihi" halina jibu.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza. Ile ya TUKI inatosha kabisa. Kazi yake ni kukupa pa kuanzia tu.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza. Oxford, Cambridge na Longman wote wanazo, na zinasomeka bure mtandaoni. Hii ndiyo itakayofanya kazi kubwa.
- Daftari, au ukurasa wa kuandikia kwenye simu.
- Kamusi ya visawe, ukipenda. Si lazima.

Hiyo ya mwisho nimeiweka mwisho kwa makusudi. Kamusi mashuhuri kuliko zote za visawe vya Kiingereza ilitungwa na daktari Peter Mark Roget, ikachapishwa London mwaka 1852. Ilipanga maneno kwa makundi ya mawazo, bila kueleza maana ya kila neno, kwa sababu iliandikiwa watu waliokwisha kuyajua maneno na wanataka kukumbushwa tu. Kamusi za wanafunzi zilikuja baadaye sana. A. S. Hornby, mwalimu Mwingereza aliyekuwa akifundisha Japani, alitoa ya kwake huko mwaka 1942, ikaonyesha kila kitenzi kinavyojengewa sentensi. Wewe unahitaji kazi ya Hornby kuliko ya Roget.

Nadharia kidogo, basi

Mwaka 1066 Wanormani waliivamia Uingereza kutoka kaskazini ya Ufaransa, na kwa vizazi vingi wakubwa wakasema Kifaransa huku wakulima wakiendelea na Kiingereza chao. Mnyama akiwa zizini alibaki na jina la wenyeji: "cow", "sheep", "pig". Akifika mezani akapewa la Kifaransa: "beef", "mutton", "pork". Baadaye wasomi wakaongeza maneno ya Kilatini. Ndiyo maana kuuliza kuna "ask" la wenyeji, "question" la Kifaransa na "interrogate" la Kilatini. Kadiri unavyosogea kutoka la kwanza kwenda la tatu, ndivyo unavyotoka barazani na kuingia kituo cha polisi.

Hatua zenyewe

1. Andika sentensi nzima, kisha lipasue neno la Kiswahili.

Andika unachotaka kusema kwa Kiswahili, piga mstari chini ya neno linalokutatiza, halafu jiulize hapa lina maana gani. Chukua "sikia". Nasikia muziki kwa jirani: "hear". Nasikiliza taarifa ya habari: "listen to". Nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia usingizi: "I feel cold", "I am hungry", "I feel sleepy". Nasikia harufu ya gesi: "I can smell gas". Na mtoto asiyesikia, je, masikio yake yana shida au ni mkaidi? Wa kwanza ni "deaf", wa pili "won't listen". Neno moja la kwetu limegawanyika mara tano, na hakuna hata moja kati ya hayo matano linaloweza kukaa mahali pa mwenzake.

Ukishindwa kulipasua, tafuta kinyume chake. "Rahisi" ambayo kinyume chake ni ngumu ni "easy". Ambayo kinyume chake ni ghali ni "cheap". Njia hiyo hufanya kazi upande wa Kiingereza pia. "Old" ya mtu kinyume chake ni "young", ya gari ni "new". "Light" ya mzigo kinyume chake ni "heavy", ya rangi ni "dark".

Onyo: usiruke hatua hii kwa sababu neno ni la kawaida. Maneno ya kila siku ndiyo yanayoangusha watu. "-Refu" ni "tall" kwa mtu, "long" kwa barabara, "deep" kwa kisima. "Panda" ni "plant" kwa mahindi, "climb" kwa mnazi, "get on" kwa basi, "go up" kwa bei.

2. Kusanya wagombea wasiozidi wanne.

Fungua kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza au ya visawe, chukua maneno machache yanayokaribia maana uliyoipasua. Neno ambalo hujawahi kulisoma ndani ya sentensi hata mara moja, liache kwanza. Utalirudia siku utakapolikuta likitumika.

3. Tazama neno linavyojengewa sentensi.

Hapa ndipo wengi wangeokoka kama wangesoma mifano ya kamusi badala ya maana peke yake. "Say", "tell", "speak" na "talk" vyote vinahusu kutoa maneno kinywani, lakini kila kimoja kinadai ujenzi wake.

Kiswahili kinakupa ufunguo wa viwili vya kwanza. Kusema ni "say". Kuambia ni "tell". Kama vile huwezi kuambia bila kumtaja unayemwambia, "tell" nayo kwa kawaida inamtaka mtu mara tu baada yake: "She told me the news." Na kama vile huwezi kusema "alinisema habari" ukimaanisha alikuambia, vivyo hivyo "she said me" haipo. Ni "she said", au "she said to me". Vighairi vipo, navyo ni vya kukariri: "tell the truth", "tell a lie", "tell a story", "tell the time".

"Speak" ni kwa lugha, hotuba na mazungumzo yenye uzito: "She speaks Swahili", "He spoke at the funeral". "Talk" ni kuongea na mtu, kwenda na kurudi: "We talked for hours."

Onyo: ujenzi wa Kiswahili usiuhamishe kama ulivyo. Nieleze si "explain me", ni "explain it to me". Tulijadili kuhusu bajeti tunaisikia kila siku kwenye vikao, lakini "discuss" haitaki "about": "We discussed the budget." "Emphasize" nayo haitaki "on". Ukitaka kutumia "about", andika "we talked about the budget".

4. Chunguza majirani wa neno.

Hii ndiyo hatua iliyo tajiri kuliko zote, na ndiyo inayotofautisha Kiingereza cha mtu anayekisoma sana na cha mtu anayetafsiri. Kila neno lina wenzake linaokwenda nao. Tazama "-kali". Kwa Kiswahili inatembea na kila kitu bila taabu. Kwa Kiingereza, kila nomino inamwita kivumishi wake:

kisu kikali, "a sharp knife"
mbwa mkali, "a fierce dog"
mwalimu mkali, "a strict teacher"
pilipili kali, "hot pepper"
maumivu makali, "severe pain"
upepo mkali, "a strong wind"
dawa kali, "strong medicine"
ushindani mkali, "stiff competition"

Ukifungua kamusi kwenye "-kali" utaona "sharp, fierce, strict, hot, severe" kwenye mstari mmoja, na utadhani una uhuru wa kuchagua. Huna. Ukiandika "a sharp teacher" umemsifu mwalimu kwa akili, na ukiandika "a strict dog" hakuna atakayekuelewa.

"-Kubwa" ni hivyohivyo. Mvua kubwa ni "heavy rain", foleni kubwa ya magari ni "heavy traffic", kosa kubwa ni "a big mistake" au "a serious mistake", idadi kubwa ni "a large number", furaha kubwa ni "great joy". "Large" hupenda kiasi na vipimo. "Great" hupenda hisia na heshima. "Big" ni ya mazungumzo na inabeba pia maana ya umri, na ndiyo maana kaka mkubwa ni "big brother" na kamwe si "large brother".

Na "fanya" usiitolee "do" kila mahali. Kufanya kosa, kufanya uamuzi, kufanya juhudi ni "make": "make a mistake", "make a decision", "make an effort". Kufanya kazi ya nyumbani ya shule, kufanya utafiti, kufanya biashara ni "do". Kufanya mtihani ni "take an exam", au kwa Waingereza "sit an exam". Kanuni inayosemwa na wengi, kwamba "make" ni kuunda kitu na "do" ni kutenda, inasaidia kwa nusu tu ya safari. Nusu nyingine ni kuzoea.

Namna ya kuwajua majirani: soma mifano yote ya kamusi, si wa kwanza tu. Kisha andika maneno mawili pamoja ndani ya alama za nukuu kwenye mtandao, mfano "heavy rain", halafu "big rain", uone nani anayeyaandika na wapi. Idadi ya majibu inayoonyeshwa juu usiiamini sana, kwani ni makadirio; tazama kama waandishi ni magazeti na taasisi za nchi zinazozungumza Kiingereza. Ukitaka uhakika zaidi, kuna hazina za matini, yaani kongoo. British National Corpus ina maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza, na COCA ina zaidi ya bilioni moja ya Kiingereza cha Marekani. Kwa anayeanza, SKELL ni nyepesi zaidi: unaandika neno, inakupa sentensi halisi na orodha ya maneno yanayoandamana nalo, bila kujisajili.

5. Pima hisia ya neno.

Maneno mawili yanaweza kutaja kitu kilekile, moja likasifu na jingine likatukana. Mtu mwembamba ni "slim" ukimsifu, "thin" ukisema tu, "skinny" ukimkosoa. Asiyerudi nyuma ni "determined" kwa anayempenda na "stubborn" kwa aliyechoka naye. Mtu maarufu ni "famous". Maarufu kwa ubaya ni "notorious". Harufu ya chakula ni "aroma", ya maua ni "scent", ya mtaro ni "stench". "Smell" peke yake iko katikati, lakini ukimwambia mtu "you smell" umemwambia ananuka.

Kuna mambo mawili ambayo sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuyaangalia kwa makini. La kwanza ni unene. Ukimwona rafiki baada ya muda mrefu ukamwambia amenenepa, kwetu mara nyingi ni salamu ya heri: amepata nafasi, amenawiri. "You have become fat" kwa Mwingereza au Mmarekani ni tusi. Kilichomo moyoni mwako ni "You look well."

La pili ni kusindikiza. Mgeni akiondoka, tunamsindikiza hadi stendi, na kamusi itakupa "escort". Lakini "escort" ni kwa polisi wanaoongoza msafara au walinzi wanaomtoa mtu ukumbini, na kama nomino ina maana nyingine ya mtu anayelipwa ili awe mwenzi wa jioni moja. Sentensi "I escorted my aunt to the bus stop" itamfanya msomaji adhani shangazi alikuwa hatarini. Andika "I walked my aunt to the bus stop". Kama ulibaki hapo hadi basi likaondoka, "I saw her off".

6. Angalia unamwandikia nani, na wapi.

"Get", "buy", "start", "help" na "ask" ni za kila siku. "Obtain", "purchase", "commence", "assist" na "request" ni za barua za ofisi, sheria na mikataba. Kosa la kawaida la anayeanza ni kudhani kwamba neno refu ndilo lenye heshima, kisha akamwandikia rafiki "I purchased tomatoes". Heshima ya Kiingereza mara nyingi iko kwenye muundo wa sentensi, "Could you please", "I would be grateful if", na maneno yenyewe yakabaki mepesi.

Kisha amua unafuata Kiingereza cha wapi. Shule za Tanzania na Kenya zinafuata cha Uingereza: "lorry", "petrol", "flat", "holiday". Mwenye shughuli na Marekani atakutana na "truck", "gas", "apartment", "vacation". Kukodi gari Uingereza ni "hire", Marekani ni "rent". Kupanga nyumba kwa muda mrefu ni "rent" pande zote mbili. Chagua upande mmoja na ubaki nao katika andiko moja.

7. Hifadhi kifungu, usihifadhi neno.

Kwenye daftari usiandike "severe = kali". Andika "severe pain, severe drought, a severe punishment", na chini yake sentensi moja ya kwako. Siku utakapolihitaji, litakuja na majirani wake.

Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Mwombaji kazi anataka kuandika: Nilisimamia duka la mjomba kwa miaka miwili.

Analipasua "simamia". Hapa si kusimama, kwa hiyo "stand" inatoka. Ni kuongoza shughuli nzima: kununua bidhaa, kupanga bei, kuhesabu mauzo. Wagombea: "supervise", "manage", "run", "control".

Anafungua kamusi ya wanafunzi. "Supervise" inahusu kuangalia watu au kazi ili mambo yaende ipasavyo: "supervise the workers", "supervise children". Kama dukani hakukuwa na wafanyakazi chini yake, haifai. "Control" ni kuwa na amri juu ya kitu au kukizuia: "control prices", "control the crowd". Inatoka. "Manage" ina mifano ya maduka, benki na timu. "Run" nayo ina maduka, hoteli na biashara ndogo, ila ni ya mazungumzo zaidi.

Hisia: zote mbili ni nzuri. Mahali: barua ya kazi. Basi, "I managed my uncle's shop for two years." Kama alikuwa akimhadithia rafiki, "I ran my uncle's shop" ingekaa vizuri zaidi. Na angekuwa mwalimu aliyesimamia mtihani, majibu yangebadilika kabisa: Mwingereza husema "invigilate", Mmarekani husema "proctor".

Kuhusu mjomba, Kiingereza kinamwita "uncle" sawasawa na ami, baba mdogo na baba mkubwa. Ukoo ukiwa na maana katika unachoandika, eleza: "my mother's brother".

Jozi zinazosumbua kuliko nyingine

"Borrow" na "lend". Kiini cha tatizo ni "azima", ambayo kwetu inakwenda pande zote: nimeazima kalamu, niazime kalamu. Shika kopa na kopesha. Anayekopa ni "borrow", anayekopesha ni "lend". "Borrow me your pen" haipo, ni "lend me your pen" au "may I borrow your pen?"

"Steal" na "rob". Kinachoibwa ni kitu, anayeibiwa ni mtu au mahali. "They stole my phone", "they robbed me", "they robbed a bank". Ukiandika "they stole me" umesema walikuchukua wewe mwenyewe wakaondoka nawe.

"Win" na "beat". Unashinda mechi, kombe au uchaguzi: "win". Unamshinda mpinzani: "beat". "Simba won Yanga" inasikika kila wiki ya ligi, na kwa Kiingereza maana yake ni kwamba Simba walishiriki shindano wakapewa Yanga kama zawadi. "Simba beat Yanga." Kushinda nyumbani kutwa nzima hakumo humu kabisa: "I spent the day at home."

"Hope", "expect" na "wait for". Unatumaini, unatarajia, unasubiri. Kuwa mwangalifu na "expect" mwishoni mwa barua: "I expect your reply" inasikika kama amri. Andika "I look forward to hearing from you".

Fedha zina maneno mengi, lakini hapa Kiswahili kimekutangulia: nauli ni "fare", ada ni "fee", bei ni "price", gharama ni "cost". Panaposumbua ni kodi, kwani ya nyumba ni "rent" na ya serikali ni "tax". Mshahara wa mwezi wa ofisini ni "salary". Ujira wa saa, siku au wiki ni "wages".

"Late". "My late father" ni marehemu baba. "My father is late" ni baba amechelewa. Usizibadilishe.

"Sorry" na pole. Mtu akijikwaa mbele yako, pole hutoka yenyewe, na wengi huisema "sorry". Mgeni asiyezoea mazingira yetu anaweza kukujibu kwamba si kosa lako, kwa kuwa kwake "sorry" ya namna hiyo ni kuomba radhi. Mwulize "Are you all right?" Kwenye msiba "I am sorry for your loss" ni sahihi kabisa. Pole na kazi haina ya kufanana nayo, msalimie tu.

Kwa waliopitia Kifaransa

Wasomaji wa Congo, Burundi na Rwanda waliosoma kwa Kifaransa wana mtego wa ziada, maneno yanayofanana sura lakini yameachana maana. "Demand" kwa Kiingereza ni kudai kwa nguvu, tofauti na "demander" ya Kifaransa ambayo ni kuomba au kuuliza. Barua inayosema "I demand a job" inaweza kukufungia mlango. "Actually" ni kwa kweli, si kwa sasa. "Library" ni maktaba, na duka la vitabu ni "bookshop". Kuhudhuria mkutano ni "attend", kwani "assist" ni kusaidia.

Waliobaki nao wasijione salama. Hoteli kwetu inaweza kuwa mahali pa kula chapati na maharage, ilhali "hotel" ni pa kulala. Pa kula ni "restaurant". Stoo yetu ni chumba cha kuhifadhia vitu, "storeroom", na "store" kwa Mmarekani ni duka.

Ukikwama

Kamusi inakuzungusha. Unatafuta "begin" inakwambia "start", unatafuta "start" inakwambia "begin". Acha maana, nenda kwenye mifano. Utaona injini na gari vinakwenda na "start" tu.

Umepima yote na maneno mawili bado yanaonekana sawa. Yapo ya hivyo. "Shut the door" na "close the door" zinakaribiana mno. Chukua fupi na la kawaida, endelea na kazi.

Programu ya kutafsiri imekupa neno la ajabu. Huenda uliipa neno moja. Ipe sentensi nzima, kisha neno ililotoa lipitishe kwenye hatua ya 3 hadi ya 5. Kulirudisha kwa Kiswahili kwa programu ileile si uthibitisho, kwa sababu inaweza kurudia kosa lake.

Umemsikia mzungumzaji wa asili akitumia neno tofauti na kamusi. Uliza ametoka wapi. Kiingereza cha Glasgow, cha Texas na cha Lagos havifanani, na kamusi nzuri huandika pembeni kama neno ni la Uingereza au la Marekani.

Unayajua maneno kwenye karatasi, lakini ukiongea yanapotea. Rudi hatua ya 7. Soma vifungu vyako kwa sauti, vitano kwa siku, na utunge sentensi mpya mdomoni kwa kila kimoja.

Mwalimu amekwambia usirudie neno, nawe umeandika "teacher", kisha "instructor", kisha "educator" kwa mtu mmoja. Kwenye insha ya kubuni, badilisha kwa kiasi, na mara nyingi kiwakilishi "she" au "he" kinatosha. Kwenye ripoti, maelezo ya kitaalamu na mikataba, kurudia ni wajibu. Mkataba wa nyumba ukimwita mpangaji "tenant" kwenye kifungu cha kwanza na "occupant" kwenye cha tano, wakili wa upande wa pili ana haki ya kuuliza kama ni watu wawili. Andika "tenant" kuanzia mstari wa kwanza hadi penye sahihi.